Mhandisi Aliyetaka Kupingwa

Siku ya kumzika Mhandisi watu walisimama kwenye maegesho ya magari nje ya jamatini, nyumba ya ibada ya Waismailia, wakiambiana kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, asiye na makuu, asiyemkwaza mtu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na Papa Espoir, fundi mwenzangu, tukatazamana tu. Sisi tulimjua kazini, na kazini mzee yule angeweza kukutoa machozi kwa sababu ya kitambaa cha kufutia mikono. Sikuwabishia waombolezaji, maana kila mtu ana haki na marehemu wake. Lakini huyo wao mimi simjui, na nataka kumwandika wangu kabla sijaanza kusema kama wao.

Alikozaliwa sikuwahi kumdodosa. Alikuwa Mwismailia, Kiswahili chake cha Mwanza, chenye maneno ambayo mimi niliyasikia kwa bibi yangu tu. Sote tulimwita Mhandisi, hata wale Wazungu wa kwenye uwanja wa mbio walijifunza kulitamka hivyo hivyo, wakidhani ni jina lake.

Kazi yake ilikuwa kuangalia jinsi hewa inavyopita juu ya magari ya mbio. Najua inasikika kama mzaha, na mimi niliichukulia hivyo mwanzoni. Huku kwetu Toronto magari hayo hulala gereji majira yote ya baridi, kisha Aprili, kabla msimu wa mbio haujafunguliwa, wenyewe huyapeleka uwanjani kuyajaribu, theluji ikiwa bado imelala mitaroni. Gari la mbio lina bawa nyuma. Wengi hudhani ni urembo, kumbe bawa lile linaifanya hewa iligandamize gari chini ili lishike barabara kwenye kona. Hewa ikipita vizuri, gari linatulia. Ikijitenga na bawa, gari linakuwa jepesi nyuma, na dereva anaweza kujikuta ameelekea alikotoka. Sasa, hewa haionekani, kwa hiyo tunapaka rangi. Unga wa kijani unaong'aa unakorogwa na mafuta ya taa, unapakwa kwenye bawa ukiwa majimaji, gari linatolewa mbio, na upepo unaiburuta ile rangi huku ikikauka. Gari likirudi, mistari ya rangi inakuonyesha hewa ilipita wapi. Ikinyooka, Mhandisi alisema hewa imeshika. Ikijikunja na kujikusanya mahali, alisema, "Hapa imesusa." Aliizungumzia hewa kama mtoto aliyekataa chakula.

Mimi kazi yangu ya kila siku ni kupiga rangi magari yaliyogongwa, kwenye gereji moja ya Scarborough. Alikuja pale majira ya baridi fulani, amejifunga skafu mpaka puani, amebeba mkebe wa unga wa kijani, akauliza kwa Kiingereza nani hapa anajua kukoroga rangi kwelikweli. Bosi akaninyooshea kidole. Nikanung'unika kwa Kiswahili kwamba leo ndio nimeletewa kichaa, naye akajibu kwa Kiswahili kwamba kichaa amesikia.

"Wewe wa wapi?" akaniuliza.

"Moshi."

"Ndiyo maana," akasema, akaweka mkebe mezani kwangu. Hivyo ndivyo tulivyojuana, na ndivyo nilivyoanza kuikorogea rangi timu yake.

Nilimwuliza siku ileile kwa nini mtu mwenye elimu yake asikoroge mwenyewe, maana rangi ile haikuwa na ugumu wowote. Akasema, "Mimi sikorogi tena." Nikajua kuna jambo, nikaliacha.

Mtu aliyeipa hewa maisha yake ungedhani anaipenda. Thubutu! Mzee alichukia upepo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Gari lake dogo alilofanyia shughuli za nyumbani, vioo havikushushwa hata Julai. Karakana yetu, chumba kikubwa cha kupanga kule Malvern, ilikuwa na mlango wa chuma wa kukunja, na yeyote aliyeuacha wazi alipigiwa kelele, "Mlango!" kwa sauti ambayo hukuitarajia kutoka kwenye kifua chembamba vile. Uwanjani alisimama nyuma ya watu ili wamkinge. Papa Espoir alimwuliza siku moja mbona anaogopa kitu anachokisoma. Alijibu kwamba anakijua vizuri, ndiyo maana.

Lakini hakuweza kuacha kukitazama. Ukiwa naye kwenye barabara kuu wakati wa theluji, lori likipita mbele, alinyamaza katikati ya sentensi kutazama theluji inavyonyanyuka kutoka juu ya paa la lori na kugeuka nyuma yake. Alijua kwa nini kioo chako cha nyuma kinachafuka na cha jirani hakichafuki, na alikwambia bila kuulizwa. Kiangazi kimoja tulikuwa kwenye pikiniki ya Waafrika Mashariki, bustanini kando ya ziwa, mishikaki ikiwa motoni na watu wana njaa. Mhandisi akaona moshi unawaendea akina mama. Akaagiza jiko lisogezwe. Likasogezwa, moshi ukageuka, akaagiza tena. Kijana aliyekuwa anachoma akaweka koleo chini akamwambia, "Mzee, shikilia mwenyewe." Akashikilia. Alichoma vibaya sana, nje makaa ndani mbichi, ila kweli moshi haukumfikia mtu.

Alikuwa na usemi wake mmoja tulioujua wote. Mtu akijisifu kwa cheo, au mwenye gari akisema bawa lake limetengenezwa na watu wakubwa kwa hiyo halina shida, Mhandisi alisema, "Hewa haina adabu." Maana yake, haimjui mkubwa. Haitapita vizuri kwa sababu wewe ni nani au ulisoma wapi. Alilisema neno hilo kwa uchungu fulani ambao nilichelewa kuuelewa.

Ukali wake nimeutaja, na sitaki kuupunguza. Sheria ya kwanza ya karakana ilikuwa kwamba gari likirudi na rangi hakuna kuligusa mpaka lisomwe. Papa Espoir, ambaye anatoka Bukavu na ana mikono isiyokaa bure, siku moja aliona tone la mafuta likielekea kwenye bawa, akalifuta kwa kitambaa, na pamoja nalo akafuta mistari ya upana wa kiganja kizima. Mhandisi hakupiga kelele. Alimtazama, akatazama kitambaa, akasema, "Umefuta kazi ya watu wote." Kisha hakumsemesha msimu mzima isipokuwa kwa kupitia kwangu. Mtu amesimama pale pale, mimi naambiwa, "Mama Neema, mwambie mwenzako alete jeki." Nilimwambia Mhandisi kwamba mimi si redio. Akacheka kidogo, akaendelea vilevile.

Papa Espoir mwenyewe hakumkasirikia. "Ule mzee ni mukali," aliniambia, "lakini mu roho yake hamuna mubaya. Iko na kitu kinamuchoma." Nikamwuliza kitu gani. Ndipo nikahadithiwa habari ya Nasrin.

Nasrin ni binti yake, mtoto pekee. Ndiye aliyekuwa dereva wa timu kabla mimi sijafika, na nimeonyeshwa video zake, alikuwa dereva hasa. Amelelewa hapa, Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza, isipokuwa kwa baba yake. Kwa baba yake alijua maneno mawili ya Kiswahili kuliko yote, na alikuwa akiyatumia tangu utotoni. "Ndiyo, Baba."

Aprili moja kabla mimi sijafika, alivyonieleza Papa Espoir, kulikuwa na baridi kali na upepo mkavu. Mhandisi alikoroga rangi mwenyewe, na kwa kuhofia isigande akaongeza mafuta ya taa mengi kuliko kawaida. Ikawa nyepesi. Nasrin alipotoka kupasha gari moto, akienda taratibu, rangi ikatembea mapema na kukauka mapema. Alipofika kwenye mwendo wenyewe, ule wa kutisha, ilikuwa imeshakauka na haikuandika chochote zaidi. Kwa hiyo gari liliporudi bawa lilikuwa na mistari mizuri ajabu, imenyooka kama nywele zilizochanwa, na mistari ile ilikuwa ya gari linalokwenda polepole. Mhandisi akainama, akatazama mbele ya watu wote, akasema, "Safi."

"Mzee akisha sema safi, nani atasema ingine?" Papa Espoir aliniuliza. "Sisi wote tulinyamaza. Nasrin naye alivaa casque yake ya kichwa, akarudi mu gari. Kwa ile kona ya mbio, gari ikamutupa."

Hakufa. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kulia haukurudi kuwa wake. Anachechemea mpaka leo, na gari la mbio hajaligusa tena. Mhandisi alisimama mbele ya timu nzima wiki hiyohiyo akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekoroga na yeye ndiye aliyesoma. Hakutafuta pa kujificha. Nadhani watu waliomsifu pale maegeshoni wangemsifu kwa hilo, kama wangelijua.

Kuanzia siku hiyo ndipo alipoweka desturi iliyonishangaza kuliko zote. Gari likirudi na rangi, kila mmoja alilizunguka peke yake, kimya, mikono nyuma. Kisha tulisema tulichoona, tukianzia mdogo kwa umri, na Mhandisi akasema mwisho kabisa. Kwetu sisi jambo hilo lilikuwa gumu kuliko unavyofikiri. Nimelelewa kwamba mtu mzima akiwepo wewe unasubiri, na akishasema umesikia. Papa Espoir kalelewa hivyo hivyo. Mara za kwanza tulijiumauma, tukamtupia macho mzee tujue anataka tuseme nini. Naye aliligundua hilo, akaanza kutupa mgongo. Mkubwa wa watu wote amesimama anatazama ukuta, sisi tunausemea mgongo wake. Mgeni angeingia angedhani tumemfukuza.

Mimi nilizoea haraka, kwa sababu sina subira na nina mdomo. Nilimwambia wazi siku aliyokosea kipimo cha pembe ya bawa. Nilimwambia koti lake linanuka mafuta na asilivae jamatini. Alikasirika kila mara, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho chake. Alitaka apingwe, na ukimpinga ananuna. Alikwenda kujifungia kwenye kiofisi chake, akatoka baadaye na chai, akasema, "Ninyi watu wa Moshi hamna adabu hata chembe," na alilisema kwa kuridhika, kama mtu aliyekula akashiba.

Nilidhani basi, mzee kapona, kajifunza lake. Nilikuwa nimekosea. Kilichokuwa kinamla nilikijua siku tuliyokwenda wawili kuchukua mbao na vyuma Brampton, tukakwama kwenye foleni. Simu yake ikalia, Nasrin. Nilimsikia mzee akimwambia kwamba daktari wa mguu aliyemchagua hafai, abadilishe. Ilikuwa ovyo kabisa, daktari yule alikuwa anasifiwa na kila mtu. Sauti ya Nasrin ikajibu, "Ndiyo, Baba." Akamwambia pia asije Jumapili, barabara zitakuwa na barafu, ingawa redio ilikuwa imetangaza jua. "Ndiyo, Baba. Sawa."

Alipokata simu nikamwambia, "Mzee, mbona unamsumbua mtoto wa watu? Daktari yule ana kasoro gani?"

"Hana kasoro."

"Na barafu iko wapi?"

"Hakuna barafu."

Nikamtazama. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na gari halikuwa linakwenda popote.

"Binti yangu ananiheshimu mno, Mama Neema."

"Sasa hilo nalo ni la kulalamikia? Wangu akinijibu vizuri siku moja kwa mwezi nafanya sherehe."

"Tangu aumie hajanipinga hata mara moja," alisema. "Hajanigombeza. Hajaniuliza hata kwa nini. Ananiletea chakula, ananipeleka hospitali, ananiambia ndiyo. Namwambia mambo ya kipumbavu kusudi, ili aseme hapana. Anasema ndiyo. Ningemsikia amenitukana ningelala."

Nilimwonea huruma sana siku ile, na Nasrin nikamwonea zaidi, kwa sababu heshima yote ile ilikuwa imemkaba yeye kwanza. Mtu hawezi kusamehe kosa ambalo hajawahi kulisema. Na baba huyu hakuwa anataka kusamehewa kwanza; alitaka aambiwe. Kuanzia hapo kila nilipomwona amewageuzia watu mgongo asubiri mdogo aseme, nilijua ni nani hasa aliyekuwa anamsubiri.

Nasrin nilimfahamu vyema baadaye, leseni ya mzee iliponyang'anywa kwa sababu ya macho akawa analetwa na yeye. Ni mwanamke wa maneno machache, mwenye kicheko kizuri kwa watu wengine. Kwa simu na wenzake wa kazini alikuwa anabisha, anatania, anapandisha sauti. Mzee akiingia garini uso wa Nasrin ulitulia kama wa mtu aliyeingia msikitini. Alimfunga mkanda, akamwuliza kama amekula, akamwambia ndiyo kwa kila kitu. Uwanjani alimshusha, kisha akabaki ndani ya gari lake na vioo vimefungwa, anasoma kitu kwenye simu mpaka tumalize. Msimu hata msimu hakuwahi kuja tulipo. Mhandisi hakuwahi kumwita, ila alichagua kusimama mahali ambapo gari lile linaonekana.

Niseme na hili, lisije likasahaulika kwenye ukali. Mama yangu alipofariki kule nyumbani sikuweza kusafiri, karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa. Watu walikuja kwangu, Malvern hukohuko, kunipa pole, wakaimba, wakaomba, wakaenda. Mhandisi alikuja mchana, amebeba sufuria la pilau lililopikwa na Nasrin, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Hakusema kitu. Hakuniambia nijikaze wala kwamba ni mapenzi ya Mungu. Alikaa hivyo mchana mzima, mara kwa mara akipeleka kiganja kwenye ukingo wa dirisha. Siku iliyofuata akarudi na utepe na gundi, akaziba nyufa zote za madirisha yangu, akaenda zake. Majira ya baridi yale chumba changu kilikuwa na joto kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Nilimlilia mama yangu mahali pasipo na baridi, na deni la namna hiyo halilipiki.

Sasa nifike Aprili iliyopita, mara ya mwisho kumwona akifanya kazi.

Gari lilikuwa la daktari wa meno kutoka Brampton, mtu mzuri, mcheshi, anayeendesha mwenyewe na anayejiamini kupita kipimo. Alikuwa amefunga bawa jipya na hakutaka kusikia habari ya kuchelewa. Siku ilikuwa ya jua, na anga safi, kule mashariki ya Pickering kwenye uwanja uleule wa siku zote. Mimi nilikoroga rangi, nikaijaribu ubavuni mwa mkebe, nikaridhika. Papa Espoir akapaka. Daktari akatoka, akapasha gari moto, kisha tukamsikia akilifungulia kwenye ile kona ya kasi. Aliporudi alizima injini, akabaki amekaa ndani na kofia yake kichwani, tayari kurudi.

Tukaanza kulizunguka. Mimi nilikuwa sijafika nyuma wakati Mhandisi, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kutangulia, alipoinama kwenye bawa. Aliinama sana. Uso wake ulikaribia mpaka ncha ya pua ikagusa rangi na kutoka na doa la kijani. Alikaa hivyo muda, kisha akanyooka.

"Safi," alisema.

Papa Espoir akanitazama. Tulikuwa tumefika wote wawili, na tulikuwa tumeona. Chini ya bawa, upande wa kushoto, rangi ilikuwa imejikunja na kujikusanya bonge zima. Hewa ilikuwa imesusa pale wazi kabisa. Nilifungua mdomo niseme, maana mimi hainishindi, lakini sauti ilitoka nyuma yangu.

"Hapana, Baba."

Nasrin alikuwa ametoka garini. Baadaye aliniambia kwamba alinyanyua macho kwenye simu kwa sababu ya mlio wa matairi, akaona kwenye kona ile gari linatikisa mkia, akajikuta anatembea. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka tulipo, hana koti, anahema.

"Nani kasema?" Mhandisi aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi. Si safi. Kushoto, chini ya bawa, rangi imejaa. Umeweka uso wako juu yake na hujaiona." Akasogea hatua moja. "Huoni, Baba. You can't see. Muda mrefu sasa huoni. Nakusomea dawa zako, nakusomea barua zako, na kila siku nakuambia ndiyo. Akirudi na bawa hili kwenye kona ile litamtupa kama lilivyonitupa mimi."

Daktari wa meno alikuwa amefungua kioo cha kofia yake. Kiswahili hakukielewa, lakini alielewa kwamba haendi popote.

Mhandisi alisimama wima. Nilitegemea anune, akatafute mahali pa kujifungia. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, "Siku ile, ulikuwa umehisi?"

"Nilihisi."

"Kabla sijasema?"

"Mzunguko mzima. Nyuma ilikuwa nyepesi, ilikuwa inaelea. Nilirudi nikuambie, nilikuwa nimeshafungua mkanda. Ukasema safi mbele ya watu wote. Nikasema ndiyo, Baba, nikaufunga."

"Ungeniambia, Nasrin."

"Ungenisikia?"

Mzee angeweza kusema ndiyo. Baba yeyote angesema ndiyo, na mtoto angeinamisha kichwa akakubali, na wangerudi walikotoka. Nilimwona akifikiri kweli, kama alivyofikiri juu ya bawa.

"Hapana," alisema. "Siku ile nisingekusikia."

Nasrin akaanza kulia. Alilia kwa hasira, machozi ya mtu aliyekunja ngumi. "Nimekukasirikia sana," alisema. "Kila siku. Bado nimekukasirikia."

"Endelea," Mhandisi akamwambia.

Naye akaendelea. Alisema kwa Kiswahili mpaka kikamwishia, akahamia Kiingereza, akarudi. Alitaja hospitali, alitaja mguu, alitaja wale aliowahi kuwashinda na sasa anawatazama kwenye televisheni. Alitaja daktari wa mguu ambaye hakuwa na kasoro. Mambo mengine sikuyasikia, kwa sababu nilimshika Papa Espoir mkono tukaondoka pale. Daktari wa meno aliniuliza kama atatoka tena leo. Nilimwambia avue kofia.

Tulilipandisha gari kwenye trela polepole, tukafunga minyororo, tukakusanya mikebe, tukajitafutia na kazi ambazo hazikuwepo. Jua lilikuwa zuri, uwanja ulikuwa mtupu, siku ya majaribio ambayo kila timu ingeililia. Nilipogeuka kutazama, Nasrin alikuwa bado anamsema baba yake, kidole kimenyooka kifuani kwake, na mzee alikuwa amesimama mbele yake anasikiliza.